Suruali ya Namayiana kwenye Simu ya Fundi Sikuzani

Zamani kidogo, ukishuka Mikumi upande wanakoegesha malori ukaulizia simu ya kupiga, watu walikuonyesha baraza la fundi Sikuzani. Simu yake ilikuwa kubwa, kioo kimepasuka kona moja, haina namba ya siri, na ilikaa juu ya meza ya cherehani kama mtungi wa maji, mwenye kiu achote. Madereva walioishiwa chaji walipigia wake zao. Kina mama wa sokoni walipigia watoto wao Morogoro. Mimi, Anitha, mwenye saluni mlango wa pili, niliitumia kuliko wote, na bando lake nimelila sana, sitaki kudanganya.

Nilimwambia mara nyingi aweke namba ya siri. Alinijibu kwamba kumfungia mtu simu ni kumwambia mwizi usoni, na yeye hakulelewa hivyo. Nikaacha kumsumbua, maana na mimi nilikuwa nafaidi.

Cha ajabu ni kwamba mwanamke huyohuyo hana mpinzani kwa usiri Mikumi nzima. Mafundi wengine wakikupima wanataja namba kwa sauti, na hadi muuza mahindi ng'ambo ya barabara anajua kiuno chako. Sikuzani hatamki. Anavuta tepu, anabana ukucha kwenye namba, anakuonyesha wewe mwenyewe, unaitikia kwa kichwa, yamekwisha. Alifundishwa hivyo Kilosa na shangazi yake, aliyekuwa akiwashonea wake za wafanyakazi wa reli. Kwa sababu hiyo wanawake tunavuka mafundi watatu kwenda kwake, hata kama anachelewesha nguo, na anachelewesha kweli.

Vipimo vyote alikuwa akiviandika kwenye daftari. Mwaka ule mto Mkondoa ulipofurika, maji yakaingia hadi chumbani kwake kule Kilosa, na daftari la miaka tisa likawa uji. Alipohamia Mikumi aliapa kuachana na karatasi. Kila mteja alipigwa picha akijaribu nguo, na juu ya picha Sikuzani aliandika jina, vipimo, na nguo ni ya kazi gani. Kwa hiyo yale yote ambayo mdomo wake ulikataa kuyasema miaka ishirini yalikuwa yamelala mezani, pembeni ya mkasi, ndani ya simu ambayo kila mpita njia aliishika. Yeye hakuliona hilo. Mimi pia sikuliona, na macho ninayo mawili.

Namayiana alikuja siku ya Jumatatu kupitia mlango wa nyuma. Mnamfahamu kwa sura kama mmewahi kupita Mikumi asubuhi: mwanamke mrefu, shanga hadi mabegani, anauza maziwa kwenye kona ya kituo cha mabasi. Anatoka boma la mzee Lemomo, kule mbugani, ni mke wa Kimaren. Alitaka suruali ya bluu na shati la kaki. Nilikuwa nimekaa pale nikisubiri gauni langu, nikaomba radhi kwa macho, lakini sikutoka.

Ilikuwa hivi. Maziwa ya wanawake wa mbugani hupelekwa Kilosa kila Jumanne na Ijumaa na pikapu ya bwana mmoja anaitwa Cleopa. Namayiana hupanda humo kusimamia madumu. Mwaka mzima uliopita Cleopa alikuwa akimfundisha kuendesha, kidogo kidogo, na leseni ya kujifunzia wameikata. Sasa chuo cha udereva kilikuwa kimempa nafasi, na sare ya chuo ni suruali. Kimaren alijua na alikubali. Aliyebaki kuambiwa ni baba mkwe.

Na hapo ndipo penye kazi. Mzee Lemomo hana ubaya, ila ana msimamo wake mmoja ambao wafugaji wote wa huku wanaujua. Jambo la boma lake akilisikia kwanza kutoka nje, analifunga hapohapo na halifunguki. Juzi juzi wanawe walitaka kuezeka bati. Mtu akampongeza mnadani kabla wao hawajamwambia. Bati zilirudi dukani siku hiyohiyo. Mzee alikuwa Kilosa kwenye kikao cha wafugaji wiki nzima, angerudi Jumamosi, na Namayiana alipanga kumwambia mwenyewe jioni hiyo, ana kwa ana.

Aliomba kitu kimoja tu, kwamba lisitoke neno humu. Sikuzani alijibu kwamba kwake halijawahi kutoka. Alisema kwa fahari, na alikuwa na haki ya kuwa na fahari, kwa mdomo wake.

Alhamisi suruali ikajaribiwa. Jamani, ilimkaa! Namayiana alijitazama kwenye kioo akacheka kwa mkono mdomoni, akageuka huku na huku, na mimi nikapiga makofi kama niko harusini. Sikuzani akapiga picha akaandika juu yake: Namayiana, suruali ya chuo cha udereva, kiuno 31, nyonga 40. Ilibaki kupindwa miguu tu.

Ijumaa saa tano asubuhi akaja Seuri, mdogo wake Kimaren. Ng'ombe dume waliyemleta kupakia kwenye lori alikuwa anachechemea, na mzee alikuwa ameagiza kabla ya kuondoka kwamba dume huyo asipakiwe akiwa na shida, apigwe picha, atumiwe yeye aamue. Simu ya Seuri ilikuwa imezima. Aliamkia, akaomba, akapewa, akavuka barabara. Tulimwona anainama kwenye kwato, anapiga picha, anahangaika na kioo juani. Kisha akarudi, akashukuru kwa mikono miwili, akaenda zake. Hakuwa na neno lolote usoni.

Sikuzani aliichukua simu ili aangalie saa. Akanisogezea kioo nione.

Namba ya mzee Lemomo ilikuwemo humo kwa sababu shuka za boma lake hupindwa kwa Sikuzani. Seuri alikuwa ametuma picha mbili. Moja kwato la ng'ombe. Ya pili Namayiana ndani ya suruali, na jina, na chuo, na kiuno, na nyonga. Kidole kilikuwa kimegusa picha ya jirani bila yeye kujua. Na zimetoka namba ya nani? Ya Sikuzani. Mtu msiri kuliko wote Mikumi alikuwa amemtangaza mteja wake kwa jina lake mwenyewe.

Lakini kulikuwa na alama moja tu ya tiki. Mzee huzima simu asubuhi kutunza chaji na huiwasha saa kumi jioni kuulizia nyumbani. Picha ilikuwa bado njiani! Nilimpokonya simu nikamwambia mimi najua, inafutika hii, nipishe. Nikabonyeza, yakatokea maneno mawili, futa kwa kila mtu na futa kwangu, na kidole hiki mnachokiona, kwa haraka zake na mafuta ya nywele, kikabonyeza cha chini. Picha ikatoweka kwetu. Ile ya kwenda kwa mzee ilikuwa palepale, na sasa hata njia ya kuifuta hatukuwa nayo tena.

Nililia. Sikuzani hakulia. Alisema kwa sauti ya chini, "Anitha, fundi ni mimi. Simu ni yangu. Twende tukamwambie mwenye suruali."

Namayiana alikuwa anafunga madumu nyuma ya pikapu ya Cleopa. Sikuzani alimweleza yote, bila kumtaja Seuri kwa ubaya na bila kujitetea, hata neno moja. Nilitegemea atafoka. Alifunga dumu la mwisho, akauliza ni saa ngapi. Saa sita na dakika ishirini. Akauliza suruali iko wapi. Sikuzani alikuwa nayo kwenye mfuko, pamoja na sindano na uzi. Akasema basi pandeni, kwa sababu njia ni moja tu, mzee alisikie kwake kabla hajawasha simu. Kumtuma mtu aliyeko kikaoni amwambie ingekuwa kosa lilelile.

Nilifunga saluni na mteja ndani, nikakumbuka, nikarudi kumfungulia. Alikuwa na rola kichwani, na hadi leo ananidai msamaha. Saa saba kasoro robo tulikuwa tumeiacha lami ya Iringa, tumeshika njia ya Kilosa, mimi na Sikuzani tumebanana na madumu nyuma, Namayiana na Cleopa mbele. Sikuzani alianza kupinda miguu ya suruali humohumo. Gari likiruka, sindano inasubiri hewani. Likitulia, anapiga mishono mitatu. Nilimuuliza anashona ya nini wakati huenda mzee akakataa. Aliniambia nishike kitambaa kikaze.

Tulipofika Ulaya, ile ya kwetu isiyohitaji pasipoti, Cleopa alisimamisha gari. Ni desturi yao, kuanzia pale anaendesha Namayiana kwa sababu magari ni machache. Nikasema leo hapana, leo aendeshe mwenye mwendo. Namayiana alishuka akazunguka, akafunga kibao cha L nyuma, karibu na goti langu, akaenda kukaa kwenye usukani. Nilistahili jibu hilo.

Ndugu zangu, yule mwanamke anaendesha! Mashimo aliyapitia moja moja kama anayajua majina. Vumbi lilituingia hadi kwenye meno na mimi nilikuwa nacheka, woga na furaha vimechanganyika, nagonga paa kumshangilia. Saa nane na nusu tulikuwa tunakwenda vizuri. Halafu mbele yetu wakatokea ng'ombe, mia na zaidi, wamejaza barabara kutoka ukingo hadi ukingo, na mchungaji wao yuko mbali huko nyuma. Cleopa akanyoosha mkono kwenye usukani, akapiga honi. Ng'ombe wakakusanyika zaidi, wakatugeukia, wamesimama.

Namayiana alizima gari akashuka. Akatembea katikati yao bila fimbo, akapiga mluzi mrefu unaopanda mwishoni, akamgusa fahali mmoja begani, akamwambia kitu kwa Kimaasai. Yule akaondoka, na wengine wakamfuata upande wa kushoto. Dakika nne, njia nyeupe. Alirudi kwenye usukani akiwa na samadi kwenye ndala, na Cleopa akampigia saluti. Sikuzani alikata uzi kwa meno na kusema mguu wa pili umekwisha.

Nyumba za kwanza za Kilosa zilipoonekana, Cleopa alimwambia sasa abadilishane naye, wazee wasimwone. Tulimsikia Namayiana kupitia dirisha la nyuma.

"Leo anione."

Kikao kilikuwa kimeketi kwenye uwanja wa wazi karibu na ofisi ya kata, viti vya plastiki chini ya turubai. Saa tisa na dakika thelathini na nane. Walikuwa mapumzikoni, wazee wana chai mikononi. Pikapu iliingia taratibu, ikasimama imenyooka kabisa pembeni ya pikipiki, na mlango wa dereva ukafunguka. Nilimjua mzee Lemomo kwa namna alivyoacha kikombe njiani, hakijafika mdomoni wala mezani.

Namayiana alimwendea akainamisha kichwa. Mzee akaweka kiganja juu yake, kama wanavyosalimiana wao. Sisi tukampa shikamoo, akatuitikia marahaba bila kutuangalia, maana macho yalikuwa kwenye gari. Kisha Namayiana akamwambia palepale, amesimama, kwa Kiswahili ili na sisi tusikie. Kwamba amepata nafasi ya kusomea udereva. Kwamba Kimaren amekubali. Kwamba alipanga kumwambia kesho nyumbani, ila imebidi iwe leo.

Mzee aliuliza kwa nini imebidi.

Nilitamani ardhi inifungukie. Sikuzani akasogea mbele. Bado alikuwa na pini kwenye kola ya gauni.

"Baba, ni mimi," alisema. "Seuri ameomba simu yangu akupelekee picha ya kwato. Na picha ya mkweo akijaribu suruali ya chuo imekwenda pamoja nayo, na vipimo vyake. Ipo kwenye simu yako, inasubiri uwashe. Hakuna aliyenituma kuja kusema. Nilimwahidi siri na simu nikaiacha wazi kwa kila mtu."

Mzee Lemomo aliingiza mkono ndani ya shuka akatoa simu yake, nyeusi, kioo kimezima. Aliigeuza mara mbili kwenye kiganja. Nilikuwa nikimwomba Mungu kwa majina yote ninayomjua.

Akamkabidhi Namayiana.

"Iwashe," alimwambia. "Toa yaliyo yako. Ya ng'ombe niachie."

Na akageuza kiti, akatupa mgongo, akaendelea na chai yake akitazama milima. Simu iliwaka, ikalia mara mbili mkononi mwa Namayiana. Akafuta. Alichukua muda mrefu kidogo, nadhani machozi yalikuwa yanamzuia kuona. Alipomrudishia kwa mikono miwili, mzee aliangalia kwato, akasema dume asipakiwe. Ndipo akauliza kama kweli ameendesha mwenyewe kutoka Mikumi. Namayiana akasema hapana, kutoka Ulaya. Mzee akasimama, akaizunguka pikapu yote, akapiga teke gurudumu moja kama anayenunua, akasema kikao kikiisha jioni hataki kusubiri basi la kesho. Cleopa aliambiwa akae nyuma na sisi.

Tulirudi hivyo, maziwa yameshashushwa, sisi watatu na madumu matupu, na mzee wa boma mbele ameshika shuka lake, na hakuna aliyeniona nikiimba maana vumbi lilinificha.

Sasa hivi ukienda kwa Sikuzani kuomba simu, hakunyimi. Anakupa kitochi kidogo chenye vibonyezo, kimefungwa kwa kamba ndefu kwenye mguu wa meza, ongea utakavyo. Ile kubwa ina namba ya siri na inakaa mfukoni mwake. Vipimo havina majina tena. Kila mteja ana kipande cha kitambaa chake na namba anayoijua yeye na fundi. Nilimuuliza kama haoni anawaita watu wezi. Akasema simu ni yake, lakini vilivyomo ndani ni vya watu, na hawezi kuazima cha mtu mwingine. Mimi mwenyewe napewa kitochi.

Siku Namayiana alipokuja kuchukua sare, alikuja na mzee Lemomo. Alivaa palepale, shati la kaki, suruali ya bluu, na shanga zake zote juu. Mzee alimtazama, akavuta shuka lake likae vizuri, akasimama pembeni yake, akamwambia fundi awapige picha. Sikuzani alisita. Akapiga. Mzee akasema itumwe kwa Kimaren, kwa Seuri, kwa wazee wa kikao, kwa kila mtu.

Sikuzani alishika simu, kidole hakigusi. Hakumwangalia mzee. Alimwangalia Namayiana na kumuuliza, "Itumwe?"

Nilimtazama mzee nikidhani amechukia. Alikuwa amemgeukia mkwewe na yeye, anasubiri jibu. Namayiana aliichukua simu akaisogeza picha karibu, akaitazama toka shanga hadi pindo la miguu lililoshonwa barabarani. Akatabasamu, akabonyeza mwenyewe.